Thole: neno la jikoni lililofunga mlango wa mahakama

Jumatatu, tarehe 10 Septemba 2007, katika Mahakama Kuu mjini Edinburgh, Jaji Clarke alitamka maneno ambayo hata mahakama zetu zinayajua vizuri: mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Aliyekuwa kizimbani ni Angus Sinclair, akishtakiwa kwa kuwabaka na kuwaua wasichana wawili wa miaka 17, mauaji yaliyotokea miaka thelathini nyuma. Raia 15 wa juri waliokuwa wakisikiliza ushahidi wakaruhusiwa kwenda zao. Hakuna aliyewauliza wanaonaje.

Kwa sheria ya Scotland ya wakati ule, kesi ilikuwa imezikwa. Upande wa mashtaka haukuwa na haki ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa namna hiyo, na mtu yule hakuweza kushtakiwa tena kwa mauaji yale yale hata kama kesho yake ungepatikana ushahidi wa kujaa gari. Kinga hiyo wanasheria wa huko wanaiita kwa jina ambalo Mwingereza wa London akilisikia mara ya kwanza hukunja uso: tholed assize. Ukijaribu kumrudisha mtu kizimbani kwa kosa lile lile, wakili wake anasimama na kusema, kwa lugha ya mababu, he has tholed his assize. Pingamizi likikubaliwa, mlango umefungwa.

Uhalifu wenyewe sitaueleza sana. Magazeti ya Uingereza yameuandika hadi kuumaliza. Kinachonishughulisha ni kile kitenzi, thole. Inakuwaje neno ambalo bibi wa kijijini hulitumia akiumwa na jino likawa ndilo linaloamua kama mtu atashtakiwa kwa mauaji au la? Na sisi tungelisemaje kwa Kiswahili bila kulipunguza?

Tamka th ya thelathini, vuta o, malizia l. Ile e ya mwisho ni ya macho tu. Neno ni la Kiskoti. Watu wengi huchanganya Kiskoti na Kigaeli, lugha ya Kikelti ya milimani na visiwani, lakini hizo ni lugha mbili mbalimbali. Kiskoti na Kiingereza wametoka tumbo moja, mmoja akakulia kusini, mwingine akakulia nyanda za chini za Scotland. Je, ni lugha au ni lahaja? Huko wanabishana kama tulivyobishana sisi juu ya Kimvita na Kiunguja, na ubishi wao hauna dalili ya kwisha. Katika sensa ya 2011 watu zaidi ya milioni moja na nusu walisema wanakizungumza.

Mzizi wa thole ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, þolian. Herufi yake ya kwanza, þ, imebaki kwa watu wa Iceland tu. Maana yake ilikuwa kuteseka, kuchukua jambo zito. Kilatini kina jamaa zake wawili: tollere, kuinua, na tolerare, kuvumilia. Kijerumani kina Geduld, subira. Kwa hiyo ukichimba hadi chini kabisa unamkuta mtu aliyejitwika kitu. Kiingereza cha kusini kiliacha neno hili lififie, kikaridhika na maneno yaliyokuja kwa njia ya Kifaransa na Kilatini. Waskoti hawakuliachia.

(Ukifungua kamusi utakutana na thole nyingine, kigingi cha ubavuni mwa mashua kinachoshikilia kasia. Hizo mbili hazina undugu, kama vile kaa wa pwani na kaa la moto wasivyo na undugu. Nimeona mtu akijaribu kuziunganisha, eti kigingi nacho kinavumilia nguvu ya kasia. Maelezo matamu, ila si kweli.)

Sasa tumwangalie panya. Mwaka 1785 Robert Burns, aliyekuwa mkulima kabla hajawa jina la kitaifa, aliandika shairi akimsemesha panya ambaye jembe la plau limembomolea kiota. Mwezi ni Novemba. Panya alikuwa ameshajenga, ameshakusanya majani yake, akijua baridi inakuja, na sasa hana nyumba wala pa kujihifadhi. Kilichomngoja panya, Burns anakisema hivi: to thole the winter's sleety dribble, an' cranreuch cauld. Yaani kuthole mvua ile ya kipupwe iliyochanganyika na theluji, inayodondoka tone kwa tone, pamoja na baridi ya sakitu. Cranreuch ndiyo sakitu, ile ukungu inayoganda juu ya majani alfajiri.

Tazama kitenzi kinafanya kazi gani hapo. Panya hasifiwi kwa subira. Hakupewa nafasi ya kuwa na subira. Hakuna anayemwambia ajikaze, wala hakuna malipo anayoahidiwa. Kuna majira, kuna mwili wake mdogo, na kuna muda ambao lazima upite juu ya mwili huo. Hiyo ndiyo thole. Ukitafsiri hapo kwa "kusubiri" umempa panya maadili ambayo Burns hakumpa.

Kwenye mazungumzo ya kila siku neno limelegea kidogo. Mskoti akisema I cannae thole him, anasema kile tunachosema tukisema yule mtu simuwezi. Kuna methali pia: he that tholes, overcomes. Harakaharaka ungesema hii ni mvumilivu hula mbivu. Lakini yetu inaahidi tunda, tena lililoiva. Yao inasema tu kwamba aliyethole ameshinda, yaani jambo limepita na yeye bado yupo. Ni methali ya watu wa nchi ya mvua.

Karne ya 17 walowezi kutoka Scotland walihamia Ulster, kaskazini mwa Ireland, na neno likavuka nao bahari. Mshairi Seamus Heaney, aliyezaliwa upande huo katika familia ya Kikatoliki ya wakulima, ameeleza jinsi alivyokutana na þolian alipokuwa akitafsiri utenzi wa Kiingereza cha kale, akashtuka kwamba neno lile la vitabuni alikwisha kulisikia nyumbani. Shangazi yake alikuwa akilisema juu ya familia iliyofiwa ghafla: watalazimika tu kujifunza kuthole. Naomba msomaji aiweke kauli hiyo pembeni. Tutaihitaji.

Neno la pili, assize, halina mashaka mengi. Limetoka Kifaransa cha kale na maana yake ya asili ni kukaa, kikao. Scotland likaja kuwa jina la wale waliokaa, yaani juri. Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu yoyote katika safari hiyo, kwa sababu baraza limepita njia ile ile. Lilikuwa mahali pa kukaa mbele ya nyumba, pa kahawa na maneno ya jioni. Leo tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, na wazee wa baraza mahakamani. Watu wakikaa pamoja muda wa kutosha, kiti kinageuka kuwa chombo cha serikali.

Unganisha maneno mawili. To thole an assize ni kukibeba kikao, kukaa chini ya macho ya watu walioitwa kukuamulia, hadi wamalize. Na hapa ndipo utamu wa kisheria ulipo. Kishazi hiki hakisemi mtu aliachiwa au alifungwa. Kinasema amepitishwa. Wote wawili, aliyetiwa hatiani na aliyeachiwa, wamethole. Kwa macho ya neno hili kesi yenyewe ni mateso, na dola ina haki ya kumtesa mtu hivyo mara moja tu kwa jambo moja.

Waingereza wana kinga kama hiyo, lakini wao waliipa jina la Kifaransa cha Wanormani: autrefois acquit, aliyekwisha kuachiwa zamani, na mwenzake autrefois convict, aliyekwisha kutiwa hatiani. Ndiyo maneno yaliyofika Nairobi na Dar es Salaam pamoja na mawigi, na mpaka leo wakili wa Mombasa huyatamka kortini bila kigugumizi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50(2)(o), inampa mshtakiwa haki hiyo hiyo: kutoshtakiwa kwa tendo ambalo alikwisha kuachiwa au kupatikana na hatia kwalo. Tofauti ya majina si ya mapambo. Kifaransa kinaangalia matokeo na kuyagawa mafungu mawili. Kiskoti kinamwangalia mtu aliyekaa kizimbani na kuuliza swali moja: je, amelibeba au hajalibeba? Kwangu mimi Kiskoti ndicho kilichoshika kiini cha jambo, ijapokuwa ndicho kinachoonekana cha kishamba.

Kinga haikuwa ukuta usio na mwanya. Mwaka 1967, kwa mfano, ilikuja kesi ya mtu aliyeponyoka shtaka la mauaji baada ya kuapa mahakamani kwamba hakuchoma kisu, kisha akashtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Akaleta pingamizi la tholed assize. Likakataliwa: baraza alilolibeba lilikuwa la mauaji, na uongo ni kosa jingine, lina baraza lake. Ila kwa mauaji yenyewe, mlango ulibaki umefungwa.

Turudi kwa Sinclair. Jumamosi usiku, tarehe 15 Oktoba 1977, wasichana wale wawili walionekana mara ya mwisho wakitoka kwenye baa iitwayo World's End, Mwisho wa Dunia, katika mtaa wa High Street mjini Edinburgh. Jina ni la zamani. Hapo karibu ndipo lilipokuwa lango la ukuta wa mji, na kwa wenyeji wa enzi hizo dunia iliishia langoni. Kesho yake miili yao ilikutwa East Lothian, mashariki ya mji, kila mmoja mahali pake. Polisi walihangaika, mafaili yakajaa, mwaka ukafuata mwaka. Ni teknolojia ya vinasaba, miongo miwili na zaidi baadaye, iliyoelekeza kidole kwa Sinclair na kwa shemeji yake, ambaye alikwisha kufa mwaka 1996.

Jambo moja huwa linasahaulika katika simulizi za kisa hiki. Sinclair hakutoka mahakamani mwaka 2007 akaenda nyumbani. Alikuwa tayari ni mfungwa wa maisha tangu 1982 kwa makosa dhidi ya watoto, na mwaka 2001 alitiwa hatiani kwa mauaji mengine ya 1978. Alitoka kizimbani akarudishwa gerezani. Kwa hiyo ghadhabu iliyofuata haikuwa hofu ya mtu hatari kuachwa mitaani. Lililowachoma watu ni kwamba swali la wasichana wale wawili lilikuwa limefungwa milele bila jibu.

Kwa nini jaji aliamua vile? Utetezi haukubisha kwamba vinasaba ni vya Sinclair. Ulidai kwamba yaliyopita kati yake na wasichana yalikuwa ya hiari, na kwamba kama kuna muuaji, ni yule shemeji marehemu. Jaji Clarke akapima ushahidi uliowekwa mbele yake akaona unaonyesha kukutana kimwili, hauonyeshi kulazimisha wala kuua. Ushahidi uliohusu vinasaba kwenye vifundo vya nguo zilizotumika kufunga na kunyonga haukuwasilishwa mbele ya juri. Lawama za kosa hilo ziligawanywa kwa ukarimu mkubwa miaka iliyofuata, sizirudii.

Sasa lile neno. Sinclair alilibeba baraza lake? Mtu mwenye kusoma neno kwa neno angeweza kukataa. Assize ni juri, na juri haikusema kitu. Ilitolewa mlangoni kabla ya kufungua mdomo. Utadaije umebebeshwa uamuzi wa watu ambao hawakuamua? Hoja hii niliipenda nilipoifikiria mara ya kwanza, nikaicheza kichwani siku kadhaa, kisha nikaona inaanguka, na inaangushwa na kitenzi chenyewe. Thole haikuwahi kudai matokeo. Panya wa Burns hangoji hukumu ya mvua. Mtu alisomewa mashtaka, juri ikaapishwa dhidi yake, ushahidi ukaletwa, jaji akafunga shauri. Muda ulipita juu yake. Sheria ya Scotland ilisimama upande wa kitenzi dhidi ya nomino, na kwa lugha, ninasikitika kusema, ilikuwa sahihi.

Siku tatu baadaye Elish Angiolini, Lord Advocate, yaani mkuu wa mashtaka ya jinai wa Scotland, alisimama bungeni akaeleza kuvunjika moyo kwake. Kwa maoni yake ushahidi ulitosha kuachiwa juri iamue. Mkuu wa majaji, Lord Hamilton, akamjibu hadharani kwamba kauli ya namna ile inagusa uhuru wa mahakama. Hayo ni mambo makubwa kwa nchi ile yenye adabu ya majoho. Kabla mwaka haujaisha serikali iliikabidhi kazi Tume ya Kurekebisha Sheria, ikachunguza suala zima la kushtakiwa mara mbili na kutoa ripoti yake Desemba 2009. Sheria ya 2010 iliupa upande wa mashtaka haki ya kukata rufaa pale jaji anapoamua hakuna kesi ya kujibu. Halafu ikaja Sheria ya Kushtakiwa Mara Mbili ya 2011, ikaanza kutumika tarehe 28 Novemba mwaka huo.

England walikuwa wametangulia kwa sheria yao ya 2003. Scotland ilichelewa, na sioni kwamba ni aibu. Ukiwa na kinga ambayo jina lake limekaa vinywani mwa watu karne nyingi, huiondoi kama unavyobadilisha kibao cha barabara.

Sheria ya 2011 haikuua kinga. Iliandika kanuni kwanza, kwamba mtu hashtakiwi mara mbili, kisha ikatoboa matundu matatu: kesi ya kwanza ikiwa ilichafuliwa, kwa mfano kwa hongo au vitisho, aliyeachiwa akikiri baadaye, au, kwa makosa mazito, ukipatikana ushahidi mpya ambao kwa bidii ya kawaida usingeweza kupatikana awali, wenye nguvu kiasi kwamba juri yenye akili ingeelekea sana kumtia hatiani. Majaji watatu wa Mahakama Kuu lazima waridhike kwanza. Na sheria inarudi nyuma, inagusa hata walioachiwa kabla haijatungwa.

Hapo ndipo ninapokwama kama mtu wa lugha, na kukwama kwangu ndiko kulikonifanya niandike haya. Kama ungekuwa mkalimani siku ile majaji watatu wanasikiliza ombi la kumshtaki Sinclair upya, na wakili akasema mteja wake has tholed his assize, ungesema nini?

Amevumilia kesi? Hapana. Kuvumilia kwetu kumebeba sifa njema, mtu mvumilivu ni mtu wa kupigiwa mfano, na hapa hakuna anayempa mshtakiwa sifa. Amesubiri ni mbaya zaidi. Anayesubiri anangoja kitu. Mtaani wangesema amekiona cha mtema kuni, na kwa hisia ya maumivu hiyo iko karibu, ila ina harufu ya kwamba alistahili, jambo ambalo ndilo hasa mahakama haijaamua. Amepiga moyo konde inaeleza moyo wake, na thole haina habari na moyo.

Mimi ningechukua kuhimili. Kitenzi hiki kimetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa kubeba: himila ni mzigo, na himila ni mimba pia. Mhimili wa nyumba hauna subira, hauna ujasiri, hauna fadhila yoyote. Umebeba dari, basi. Kwa hiyo kuhimili na thole, ambao hawajawahi kuonana, kila mmoja ametoka kwenye picha ile ile ya bega lililo chini ya kitu kizito. Stahimili ni ndugu yake, lakini imekaa sana kwenye hotuba na mahubiri, imechukua harufu ya kuvumilia.

Na assize iwe baraza, nimeshaeleza kwa nini. Inabaki ile d ya mwisho, tholed, ambayo ndiyo roho ya pingamizi zima. Kiingereza na Kiskoti huegemea has na d hiyo tu. Sisi tuna silaha nzuri zaidi. Amehimili inaweza kuwa bado anahimili. Ameshahimili imekwisha, imefungwa, usinirudishe. Ameshahimili baraza lake. Ningeitamka hivyo, na ninaamini mzee yeyote wa baraza, wa Pemba au wa Kisumu, angeelewa bila kufafanuliwa kwamba mtu huyu anadai hadaiwi tena.

Lakini ukishaitafsiri vizuri hivyo, unaona pia kilichokuwa kikiwauma watu tangu 2007. Kauli ya yule shangazi wa Heaney ilikuwa juu ya waliofiwa. Matumizi ya jikoni ya neno ni ya waliofiwa, wa jino bovu, wa panya. Mahakama ilikuwa imelichukua neno hilo ikampa mshtakiwa peke yake, na kumwekea -sha- ya kumaliza. Wazazi wa wasichana wale walikuwa wakithole tangu 1977 na hakuna mahali popote katika sheria palipowaruhusu kusema wameshathole. Mama wa mmoja wao alikufa muda mrefu kabla ya kesi yoyote kufunguliwa. Sisemi kinga ile ilikuwa mbaya. Bila kinga hiyo, serikali yenye kinyongo na mtu ingemburuta kizimbani kila mwaka mpaka ipate juri inayoitaka, na historia inazo serikali za namna hiyo. Ninasema tu kwamba neno moja lilikuwa na wenyewe wawili, na mmoja wao alikuwa hajaitwa barazani.

Ombi lilikubaliwa mwaka 2014. Nguo za wasichana zilikuwa zimechunguzwa upya kwa mwanga na mbinu za vinasaba ambazo kesi ya kwanza haikuwa nazo. Shauri lilisikilizwa Livingston, magharibi ya Edinburgh, mbele ya Jaji Matthews, na safari hii Lord Advocate mwenyewe, Frank Mulholland, ndiye aliyesimama kuendesha mashtaka. Ilikuwa kesi ya kwanza ya mtu kurudishwa kizimbani chini ya sheria ile. Sinclair alikuwa na miaka 69. Alileta utetezi ule ule, hiari na shemeji.

Ijumaa tarehe 14 Novemba, raia 15 walipewa nafasi ambayo wenzao wa 2007 hawakuipata. Waliulizwa wanaonaje. Wakasema ana hatia ya yote mawili. Jaji akampa kifungo cha maisha na kuagiza akae ndani si chini ya miaka 37, kiwango kirefu kuliko chochote kilichowahi kutolewa na mahakama ya Scotland hadi siku hiyo. Toa 1977 kwenye 2014 utapata idadi hiyo hiyo. Baba wa mmoja wa wasichana, mzee aliyevuka miaka themanini, alikuwamo ukumbini.

Sinclair alifia gereza la Glenochil mwezi Machi 2019. Alikuwa amelihimili baraza mara mbili kwa mauaji yale yale, jambo ambalo kwa karne nyingi Kiskoti hakikuwa na namna ya kulisema.